Mkekani Hakuna Kuinuana

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama na Mama Mdogo amenipokea vizuri, ila ananipakulia chakula kana kwamba nimetoka kifungoni. Ukiongea naye mwambie mimi ni mgonjwa wa mguu, tumbo langu halina hitilafu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unajua ilivyo. Ulimi wangu unajikwaa, wewe unasema rudia mwanangu, rudia, na nikirudia sebule nzima inanyamaza kunionea huruma. Kwenye karatasi sijikwai. Nawe niandikie, umpe barua dereva wa basi la vifurushi, Mama Mdogo anajuana naye.

Kliniki nimekwenda. Yule mtaalamu wa viungo alinikunja na kunikunjua, halafu akaniuliza nimeshaanguka mara ngapi maishani. Nikamwambia sikumbuki kuanguka, kwa sababu mama yangu akinishika mkono anashika kama mtu aliyekamata mwizi. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaandika kitu. Amenipeleka kwenye mazoezi ya kikundi, katika ukumbi ulio nyuma ya kituo cha zimamoto. Wote tuliopo pale tuna kasoro zetu. Yupo fundi saa mwenye mguu mmoja, ambaye huuegemeza ule wa bandia ukutani na kuuambia umsubiri. Yupo dada anayepokea simu hospitali kuu, mcheshi ajabu, wanamwita Gundi. Tunajinyoosha, tunabingirika, tunapumua. Ndiyo hivyo tu.

Nina ombi. Kila mtu anatakiwa awe na koti la mazoezi, la kitambaa kizito, lisilo na vifungo, na kola yake iwe imeshonwa ikashoneka. Ya dukani yananipwaya, mkono wa kushoto unanimeza kabisa. Vipimo vyangu unavijua wewe.

Mwanao,
Kitinda


13 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma dukani, mteja amekaa ananisubiri na pazia lake mapajani. Pale pa mwizi nimecheka, halafu nikakasirika. Ningekuachia, leo ungekuwa na meno?

Koti ndilo hilo. Nimetumia mabaki ya kitambaa cha mapazia ya jukwaa, yale ya shule. Kola nimeipitisha kwenye cherehani mpaka sindano ikalalamika, na ndani nimetia utepe mgumu ule wa kichwa cha pazia, kwa hiyo hata akilivuta tembo haliachii. Mkono wa kushoto nimeupunguza na kuuachia nafasi kwenye kiwiko, najua kinavyokaa. Lakini niambie, ni kujinyoosha gani huko kunakotaka kola ya namna hiyo? Nguo za wagonjwa nimeshona nyingi, zote nyepesi na zinafungwa kwa kamba mgongoni.

Sasa sikiliza. Bafu la Mama Mdogo wako lina vigae. Usiingie peke yako. Barabarani shika mkono wa mtu. Ngazi usipande bila mtu nyuma yako. Sikukulea mpaka hapo bila hata kovu ili ukaumizwe na vigae vya watu.

Wateja wanakuulizia. Nimewaambia umekwenda kusomea kompyuta. Usinielewe vibaya, si kwamba naona aibu. Watu wana maneno, na mtu akishaanza pole mama, pole mama, haishii hapo, nami nina kazi. Ukirudi ukiulizwa, sema kompyuta.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Koti limekuwa gumzo. Mwalimu alishika kola akaivuta mpaka mimi mwenyewe nikaburutwa nayo, haikutoa hata uzi. Akauliza ni fundi gani huyu. Nikamwambia ni fundi mapazia. Sasa fundi saa naye anataka la kwake, na Gundi anasema katika kola zote alizowahi kushika hakuna inayoshikika kama hii. Usiniulize kwa nini anashika kola za watu. Ni sehemu ya kunyooshana.

Hilo la kompyuta nimelisoma, nikaiweka barua chini, nikanywa maji, nikasoma tena. Sikukasirika, mama. Niliona aibu, na sijui ni aibu yangu au ni yako nimeivaa mimi. Nikakumbuka pazia la kati pale dukani, lile la kahawia. Akiingia mteja ulikuwa unalivuta, mimi nabaki nyuma nakata nyuzi. Siku zote nilidhani hutaki nisumbuliwe. Sasa najiuliza. Basi, tusigombane kwa barua.

Mwishoni mwa Mei kuna jaribio dogo, atakayefaulu anapewa mkanda wa njano. Watakuja ndugu wachache tu. Huna haja ya kupoteza siku yako ya kazi.

Mwanao,
Kitinda


19 Aprili

Kitinda,

Mkanda wa njano ndio nini tena? Tangu lini mazoezi ya viungo yakawa na mikanda? Au ni wa kufungia mgongo?

Sitakuja, usiwe na wasiwasi. Nimepata mapazia ya hoteli nzima, vyumba na ukumbi, kazi ambayo hata usingizini naikata. Mama Mdogo wako amenipigia simu kuniambia nije nikajionee mwenyewe mambo ya mwanangu. Alikuwa na kicheko ambacho sikukipenda. Nimemjibu sina nafasi.

Pazia la kahawia lilikuwa la kukukinga na vumbi. Macho yako yalikuwa yanawasha. Umesahau.

Vigae, mwanangu. Usisahau vigae.

Mama yako


27 Mei

Mama,

Shikamoo. Mama Mdogo anasema ulipanda basi la jioni bila kula wala kuaga, na simu hupokei. Analia. Anasema alikubembeleza mpaka ukaacha mapazia ya hoteli ukaja, akitaka ufurahi, akakukalisha mbele kabisa, na hakukuambia utaona nini kwa sababu alijua ukiambiwa hutakuja. Mimi sikujua kama upo.

Ni judo, mama. Si kujinyoosha. Ni kukamatana makoti na kuangushana, na kabla hujafundishwa kumwangusha mtu unafundishwa kwanza kuanguka mwenyewe. Kidevu unakibana kifuani, mgongo unaufanya duara, mkono wote unaupiga mkeka. Kiganja hutangulizi hata siku moja. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenipeleka, kwa makusudi. Alisema upande wangu wa kushoto unakaza kwa ajili ya mtindio wa ubongo, na hilo halina dawa, lakini nusu ya ukakamavu wangu ni woga tu, na woga hautoki kwa kuchuliwa mafuta. Nilikuficha kwa sababu ungekuja kunichukua siku hiyo hiyo.

Jaribio lenyewe ni hivi. Gundi ananiangusha, mimi naanguka, halafu nainuka bila kushikwa na bila kushika kitu. Hilo la kuinuka ndilo hasa linalotazamwa. Nilishaanguka vizuri. Nilikuwa nimelala ubavu nakusanya goti, nikasikia viatu. Hakuna anayekanyaga mkeka ule na viatu, nikajua balaa limeingia. Ukamzaba Gundi kofi, ukamwambia mshenzi wewe, unampigaje mtoto mlemavu.

Gundi haoni, mama. Haoni kabisa tangu utotoni. Alisikia kofi na mtu kasimama mbele yake, na mikono yake ikafanya inachofanya kila siku, ikakushika gauni na kukulaza. Anasema alipogundua kwamba kitambaa si koti ulishakuwa hewani.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kicheko changu cha kushtuka unakijua, kile kilichokuwa kinanitoka nikichomwa sindano hospitali. Nikikuambia kilikuwa ni hicho tu utaniamini. Lakini hakikuwa hicho tu. Ulikuwa umelala chali na mkoba bado uko begani, na kidogo, mama, nilicheka kweli. Nimekuwa nikijiona mchafu tangu siku hiyo. Nisamehe.

Mwanao,
Kitinda


14 Juni

Kwako mwanangu,

Barua imefika na nimeielewa. Sina mengi.

Nililala pale chini mbele ya halaiki, na katika ukumbi mzima hakupatikana wa kuninyooshea mkono. Mwanangu mwenyewe alisimama juu yangu akinitazama. Mimi, ambaye sikuwahi kukuacha chini hata kidogo.

Yule dada asiyeona mwambie nimemkosea. Sikujua. Nikikumbuka, kiganja kinaniwaka kana kwamba kofi lile nilipigwa mimi.

Mwisho wa mwezi urudi nyumbani. Nimeshazungumza na Mama Mdogo wako.

Mama yako

(Imeandikwa na mke wa kinyozi, mlango wa pili. Mama anasema ana kazi nyingi.)


22 Juni

Mama,

Shikamoo. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno. Ndio ule wa bei za kunyoa, pale ubaoni kwa kinyozi. Kwa hiyo sasa hata kuniandikia unaona kinyaa, mpaka niandikiwe na majirani. Sawa. Nimeyataka mwenyewe.

Lakini hilo la kutoinuliwa lazima nikueleze. Pale mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: mkekani hakuna kuinuana. Ndiyo sheria yao ya kwanza. Fundi saa siku aliyoanza alihangaika chini mpaka koti likaloa, na mwalimu alichofanya ni kukaa kando yake kumsimulia habari za mpira mpaka alipoinuka. Ukimnyooshea mtu mkono pale umemtukana. Niliposimama juu yako sikuwa nakutazama kwa dharau. Nilikuwa nakungoja. Sikuwa na heshima kubwa kuliko hiyo ya kukupa, na nikasahau kwamba wewe huijui. Kosa ni langu. Ningekuwa nimekuambia ukweli ungeijua.

Ukainuka peke yako, umekumbatia mkono wa kulia kifuani, ukatoka bila kugeuka. Nilidhani ni hasira.

Mkanda sijapata. Kinachochekesha ni kwamba niliinuka. Katika vurugu ile, wewe ukiwa chini, niliinuka bila kushika kitu, lakini ukumbi mzima ulikuwa unakutazama wewe na mimi mwenyewe sikumbuki niliinukaje. Mwalimu anasema hawezi kunipa mkanda kwa jambo ambalo hakuliona. Narudia mwishoni mwa Agosti.

Kwa hiyo sirudi mwisho wa mwezi. Sijawahi kukukatalia jambo. Uniite mtovu wa adabu. Nikirudi sasa nitakaa tena nyuma ya pazia la kahawia nikate nyuzi mpaka nizeeke. Na pazia lile halikuwa la vumbi, mama. Lilifungwa mteja akiingia na kufunguliwa akitoka. Vumbi halina miadi.

Mwanao,
Kitinda


9 Julai

Kitinda,

Usiucheke mwandiko huu. Ni wa mkono wa kushoto, na nimeuanza tangu chai ya asubuhi.

Wa kulia umevunjika kifundo. Nilivunjikia pale pale ukumbini. Nilitanguliza kiganja, kile kile unachosema hakitangulizwi. Kliniki wameshaufunga plasta, wakaufungua, wakaufunga upya kwa sababu mfupa haukukaa sawa. Mke wa kinyozi aliniandikia kwa kuwa kalamu haishikiki. Kinyaa na wewe, Mungu apishe mbali. Nilimwambia aandike nina kazi nyingi. Kazi ipi? Cherehani nimeifunika shuka tangu Mei, na hoteli wamempa mapazia fundi mwingine.

Nilikuficha kwa aibu. Ningekuambia nini? Kwamba nimekimbia kumwokoa mtoto asianguke, nikaanguka mimi, kumbe katika sisi wawili mwenye kujua kuanguka ni yeye?

Huyu mke wa kinyozi ananivalisha na kunifunga vifungo. Ana moyo mzuri mpaka unachosha. Juzi tukivuka barabara kwenda kliniki akanikamata huku juu, karibu na kwapa, akabana. Nikamwambia niachie, miguu yangu mizima. Akasema si nakusaidia jamani, na hakuniachia. Wateja wa mumewe wakasimama mlangoni na sabuni mashavuni, pole mama, pole sana. Kadiri nilivyojivuta ndivyo alivyobana. Nikatamani ardhi ipasuke. Ndipo nikamkumbuka mwizi wako aliyekamatwa. Nilipofika kliniki nikakaa kwenye benchi nikalia kilio cha kwikwi, muuguzi akadhani ni mkono unaniuma, akaniletea kidonge. Nikakimeza. Ningemweleza nini?

Hivi miaka yote ile ulikuwa unaniambia niachie? Ulikuwa unasema, nami sisikii? Nijibu ukweli, lakini usiuandike mrefu.

Usirudi kama hutaki. Njoo tu nikuone.

Mama yako


18 Julai

Mama,

Shikamoo, na pole.

Nilikuwa nasema, nilipokuwa mdogo. Baadaye niliacha.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za zimamoto nikashindwa kuingia ukumbini. Nilimcheka mtu aliyevunjika mkono. Kisha nikamwandikia maneno ya ukali kuhusu mwandiko, na yeye kalamu haishikiki. Fundi saa alinikuta hapo, akakaa, akavua mguu wake na kuuweka kati yetu. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nilimsomea Gundi pale panapomhusu. Siku nzima hakuweza kazi, anasema alikuwa anawaunganisha watu na wodi ambazo siyo. Anailaumu mikono yake. Nikamwambia mama naye anaulaumu wa kwake, mmekutana. Anakusalimu, na anasema kofi lilikuwa zito lakini miguu uliiweka vibaya, ungesimama vizuri asingekuweza.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 27. Usije kunipokea kituoni, wala usimtume mtu. Nitatembea mwenyewe mpaka nyumbani. Nikianguka njiani, sheria umeshaijua.

Na kama kutakuwa na wateja, waache wawepo.

Mwanao,
Kitinda


12 Agosti

Kitinda wangu,

Plasta imetoka. Huu ni mkono wa kulia unaandika. Mwandiko umepinda kama uzi uliolegea, lakini ni wangu, na kuanzia leo nakuandikia mwenyewe.

Ulipokuja hatukuyazungumza ya pale nje. Ulikunywa chai, ukanisimulia habari za Gundi, kesho yake ukaondoka, nami nikakosa ujasiri wa kuanza. Sasa nitayasema upande wangu, kwa sababu wewe ulikuwa chini na kuna mambo hukuyaona.

Nilikuwa mlangoni tangu basi halijafika. Nikakuona unakata kona na mkoba wako mgongoni. Bombani foleni ilikuwa ndefu, akina mama tupu, karibu wote wateja wangu, na wote wanajua uko kwenye kompyuta. Ulipofika kwenye yale maji yanayomwagika kila siku, mguu wa kushoto ukateleza. Kidevu kifuani, mkono ukapiga chini, paa! Ulianguka vizuri, mama yangu. Hata mimi nisiyejua niliona ni vizuri.

Miguu yangu ikaondoka mlangoni yenyewe. Usidhani nilikumbuka sheria, sikukumbuka kitu. Kilichonisimamisha ni mke wa kinyozi. Alishatupa ndoo anakukimbilia, mikono mbele, na nilipouona ule mkono wake unavyokuja nikajua unakwenda kushika wapi. Nikamkamata yeye. Kwa mkono wangu wa kushoto nikamkamata huku juu, karibu na kwapa, nikambana. Nikamwambia, "Mwache." Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

Bombani mmoja akasema, tena si kwa kunong'ona, "Mama gani huyu?" Mwingine akadakia, "Ndiyo maana alikuwa anamficha." Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nilitaka niwaeleze, kuna ukumbi, kuna mwalimu, kuna mtaalamu wa viungo, mimi si mama mbaya. Maneno yalishafika mdomoni. Nikaona kwamba nikianza kujieleza na wewe uko chini, nitakuwa nimekuvutia pazia kwa mara nyingine. Nikanyamaza, wakanitazama walivyotaka.

Nawe jamani ulichukua muda wako. Ukalala ubavu, ukakusanya goti, mkoba ukakuvuta, ukarudi chini, ukaanza upya. Mtu akafunga bomba. Sijawahi kuona kitu kirefu kama kile. Halafu ukasimama, ukajipangusa tope kwenye sketi, ukawaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, hata yule aliyesema.

Akakuuliza, basi kompyuta inaendeleaje? Ulinitazama. Nilikuona unafungua mdomo, na nilijua unakwenda kunisitiri. Ningekuacha unisitiri, mwanangu, ningeshindwa kukutazama tena usoni. Nikakuwahi. Nikasema hukwenda kusomea kompyuta, nilidanganya, umekwenda kujifunza judo. Nilijikaza nikisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema pole. Mmoja akauliza kama wanapokea na watu wanene, kisha wakarudi kwenye ndoo zao. Hapo ndipo nilipokwisha. Miaka yote nilidhani wakijua, dunia itasimama.

Nilikuona unalitafuta pazia la kahawia kwa macho ulipoingia dukani, na hukuuliza. Nimelitoa. Kitambaa chake ni kizito na bado kizima. Niletee vipimo vya fundi saa.

Lipo jingine, na hili ndilo lenye aibu kuliko kofi na kuliko kuchekwa. Uliniandikia kwamba siku ile ya Mei uliinuka na hakuna aliyekuona. Mimi nilikuona. Nilikuwa chini, uso wangu umegeukia kwako. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi, nami nilikuwa nakutazama wewe. Ulikusanya goti. Ukalisimamisha. Hukushika kitu. Ukainuka kama watu wote wanavyoinuka, ukasimama juu yangu, nami badala ya kufurahi moyo ukanishuka. Nikajisemea, basi, huyu hanihitaji tena. Nilimwonea wivu mwanangu kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana nilipanda basi bila kuaga. Nilipojisemea hivyo, mkono ulikuwa bado haujaanza hata kuuma.

Mwambie mwalimu kwamba shahidi yupo. Na kama mkanda hautolewi kwa ushahidi wa mtu aliyekuwa amelala chini, si kitu, rudia tu. Nitakuja. Viatu nitavivulia mlangoni, nitakaa nyuma kabisa, na mikono yangu nitaikalia.

Mama yako